Kanga Aliyeitaja Tufani

Paukwa!

Pakawa!

Hee, sauti gani hiyo? Mmeshiba au mmelala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama wa pwani walikuwa na mwiko mmoja: tufani haitajwi. Walisema ukiitaja, umeiita. Basi hata wingu likiwa jeusi tii, wao kimya. Kufunga paa kwa kamba, kuangua nazi, kupandisha chakula kilimani, yote marufuku. Walisema kujiandaa nako ni kuita.

Palikuwa na Kanga, jina lake Mwanatumu. Alikuwa ameatamia mayai bondeni, karibu na maji. Asubuhi moja akaona siafu wanapanda kilima na mayai yao. Akaona kaa wanakimbia ufuo. Akajua tufani inakuja. Mayai yake angeyahamisha vipi? Mdomo wake ungeyatoboa. Alihitaji wa kumsaidia.

Akaenda kwa Jumbe Ngiri, mkuu wa wanyama. "Shikamoo, Jumbe. Tufani yaja. Nipe watu wanibebee mayai."

"Nyamaza!" Ngiri akaruka. "Usiitaje! Rudi kwako."

Akarudi. Upepo ukaanza kuvuma. Akaenda mara ya pili. "Jumbe, tufani yaja."

"Mnyonyoeni kichwa!" Ngiri akawafokea watumishi wake.

Wakamnyonyoa mbele ya kadamnasi, unyoya kwa unyoya. Kanga akalia, jamani, iliuma! Lakini radhi hakuomba.

Mara ya tatu hakubisha hodi. Akaruka juu ya paa la Jumbe mwenyewe, upara unang'aa, akaimba. Nanyi niitikieni:

Tufani yaja! — Yaja!
Fungeni paa! — Yaja!
Angueni nazi! — Yaja!
Pandeni kilimani! — Yaja!

"Shuka!" Ngiri akanguruma.

"Sishuki! Kichwa umeshaninyonyoa. Umebakiwa na nini cha kunitishia?"

Wanyama wakatazamana. Tumbili akawa wa kwanza kupanda mnazi. Pu! Pu! Nazi zikaanguka. Wengine wakaanza kusokota kamba.

Panya akamvuta Kanga pembeni. "Bibie, mayai nitakubebea mimi."

"Wewe? Mla mayai?"

"Ndiyo maana najua kuyabeba bila kuyavunja."

Kanga akamkazia macho. "Likipungua moja, nitakudonoa mpaka ujute kuzaliwa."

Panya akalala chali, akakumbatia yai, wenziwe wakamvuta mkia. Wakavuta, wakavuta, mpaka kilimani. Wakarudia kwa kila yai. Halikupungua hata moja.

Wanyama wote wakajenga kibanda kule juu, wakakifunga kwa kamba. Ngiri peke yake akakataa. Akabaki nyumbani kwake bondeni, minazi yake imesheheni nazi.

Tufani ikaja! Vuuu! Nazi za Ngiri zikaruka, zikatoboa paa lake. Upepo ukaingia, ukabeba makuti yote. Bahari ikafurika bondeni, maji yakamfika puani. Akatapatapa, akapanda kilima, ametota chapachapa.

"Wewe Kanga!" akafoka. "Si uliitaja? Umeona imekuja!"

Kanga akacheka. "Kama ulimi wangu ungekuwa na uwezo wa kuita, ningeita Jumbe mwingine!"

Wanyama wakaangua kicheko. Kanga akasimama mlangoni, akatanua mbawa. "Nafasi ipo. Lakini kwanza sema, umeletwa na nini hapa?"

Ngiri akatazama huku, akatazama kule. Mvua ikamchapa. "Na... na lile jambo."

"Jambo gani?"

"Tu... tufani."

"Sijasikia."

"Tufani!"

"Haya, pita. Na usinikanyagie mayai."

Tangu siku hiyo mwiko ukafa. Kanga hadi leo ana upara, na akiona kitu kibaya hupiga kelele, umtake usimtake.

Basi wenzangu, shikeni hili: hatari haiji kwa kutajwa, wala haiondoki kwa kunyamaziwa. Itajeni mapema mpate kujiandaa, hata kama mtanyonyolewa.

Hadithi yangu naitua hapa. Ikiwanogea, gawaneni, ikiwachachia, nirudishieni mwenyewe.