Gari la Semboja na Maiti ya Mkwewe

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa! Mbona mnaitika kama watu waliolala na njaa?

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Na leo mna kazi. Nikiuliza, "Linazunguka?" mtasema, "Linazunguka!" Nikiuliza, "Linawaka?" mtasema, "Haliwaki!" Asiyeitika ataiota hadithi hii peke yake.

Hapo zamani za kale, si zile za sungura kumchezea fisi shere, la, ni zile za magari kuwa machache, palikuwa na kijiji. Nusu ya watu wake walitoka mlimani, nusu walitoka bondeni. Walikuwa watani. Na utani wao haukuwa kitu cha kubeza. Akifa mtu wa mlimani, watu wa bondeni ndio wachimba kaburi, ndio wapishi, ndio wabeba maiti. Na huku wanabeba, huku wanamsema: "Amka, mvivu wewe, jua lote hili bado umelala!" Wafiwa wanacheka, machozi yanawatoka. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani msibani, heri ungetembea uchi sokoni.

Katika kijiji hicho alikuwako bibi mmoja, Bibi Chausiku. Mpaka leo watu wakikwama husema, "Laiti angekuwapo Bibi Chausiku." Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, na yeye alizunguka naye miaka na miaka, akamshikia spana, akamshikia taa. Kwa hiyo magari aliyajua. Na watu aliwajua pia, maana kesi zote za kijiji ziliishia barazani kwake. Hakuwa na haraka. Alikuwa akisema, "Uliza kwanza. Kulaumu hakukimbii."

Alikuwako na Semboja, mtu wa mlimani, mwenye gari peke yake kijijini. Pikapu kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Semboja alikuwa mtu mwema. Nawaambia mapema, msije mkamchukia bure. Harusi alibeba, wagonjwa alibeba. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kudhani.

Petroli aliifuata mjini kwa madebe. Na gari kuukuu linakunywa, nyinyi! Linakunywa kama ngamia. Lakini Semboja hakusema gari linakunywa. Alidhani anaibiwa.

Basi mchana mmoja, watu wako mashambani, akachukua nta ya nyuki. Akaipaka kwenye kifuniko cha tangi, paka, paka, paka, pande zote na juu, hata kile kitundu kidogo cha juu kikazibika. Akachukua kipande cha mpira mwekundu wa baiskeli, akakizungusha, kaza, kaza, kaza. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia ndani. Hakumwambia mtu. Hata mkewe, Mwantumu, hakumwambia. Aliona haya. Wale wote aliokuwa akiwashuku ndio aliokuwa akila nao.

Kesho yake kisimani, Mkude akampokea. Mkude alikuwa mtu wa bondeni, mtani wake tangu utoto, mrefu, mdomo hauna breki.

"Semboja! Petroli yako tamu, bwana. Jana nimekunywa kibuyu kizima. Hata mke wangu kaniambia nisisogee jikoni, nitalipuka!"

Watu wakacheka. Semboja naye akacheka, meno tu. Rohoni akasema, kumbe ni huyu.

Mkwe wa Semboja, mama yake Mwantumu, naye mtu wa mlimani, alikuwa amekuja kuuguzwa pale. Siku chache baadaye akafariki. Ikaamuliwa akazikwe kwao, ng'ambo ya mlima, kabla jua halijazama. Kaburi watani walishalichimba alfajiri, na wazee wa kule walikuwa wamekaa kando yake wanangoja. Maiti ikalazwa nyuma ya pikapu, imefunikwa vizuri. Mwantumu akakaa kichwani, kaka yake Kihiyo miguuni, na Bibi Chausiku katikati, kwa kuwa ndiye aliyemwosha.

Gari likawaka, vuuum! Likaenda. Likaanza kupanda mlima. Katikati ya mlima likakohoa. Koh! Semboja akakanyaga mafuta. Koh! Likajikaza. Juu ya mlima, nani kalala katikati ya njia, mikono kifuani, macho kayafumba? Mkude! Na nyuma yake watu wa bondeni wamesimama na majembe yao. Walikuwa wamepita njia ya mkato ili wawahi.

Semboja akasimamisha gari. Mkude akafumbua jicho moja.

"Hapa hapiti mtu. Huyu bibi mliyemlaza hapo nyuma ana deni langu, aliniahidi binti yake akampa huyu mwenye masikio ya popo. Gari nimelifunga! Haliondoki mpaka nipewe kuku!"

Hata Mwantumu, mfiwa mwenyewe, akacheka. Kihiyo akarusha kuku, maana kuku wa watani hubebwa kabisa. Mkude akamdaka, akainuka, akajipangusa vumbi. "Haya, pita, shemeji ya popo."

Lakini gari lilikuwa limezimika. Semboja akapiga stata.

Nyeke-nyeke-nyeke-nyeke... nye.

Linazunguka?

Linazunguka!

Linawaka?

Haliwaki!

Akapiga tena. Nyeke-nyeke-nyeke-nyeke... nye.

Linawaka?

Haliwaki!

Watu wakaacha kucheka. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na kule ng'ambo wazee wanangoja na kaburi liko wazi. Semboja akaona macho ya shemeji yake yametua mgongoni mwake, jasho likamtoka. Mtu aweza kuaibika popote, lakini si mbele ya wakwe.

Bibi Chausiku akateremka, polepole, mguu mmoja, mguu wa pili. Akasema, "Acha kulitesa, utaimaliza betri. Stata inazunguka, basi betri ipo. Gari lina mashahidi watatu: moto, mafuta na pumzi. Tutawaita mmoja mmoja."

Akamwambia Semboja atoe plagi moja, airudishe kwenye waya wake, aigusishe chuma. Kihiyo akapiga stata. Ta! Ta! Ta! Cheche za buluu.

"Moto umesema kweli," akasema Bibi Chausiku. "Sasa chomoa mpira wa mafuta hapo kwenye kabureta. Tuone."

Semboja akachomoa. Wakazungusha. Nyeke-nyeke-nyeke. Hakikutoka hata kitone. Mkavu!

"Mafuta hayafiki," akasema Bibi.

Basi. Neno hilo tu. Semboja hakungoja la pili. Aligeuka, akamkwida Mkude shingoni.

"Umeyanywa kweli! Mwizi wewe! Si ulisema mwenyewe kisimani? Si umesema sasa hivi umelifunga?"

"Mtani," Mkude akasema, bado anatabasamu, "ule ni..."

Pwaa! Kofi. Kuku akamponyoka, akakimbilia vichakani.

Watu wa bondeni wakatazamana. Mmoja akaweka jembe chini. Wa pili akaweka. Wote wakaweka. Hakuna aliyetukana. Wangetukana ingekuwa nafuu.

Kihiyo akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, hawa wakiondoka, mama yangu anabebwa na nani? Anafukiwa na nani?"

Mkono wa Semboja ulikuwa bado unamwasha.

Bibi Chausiku akauliza, "Semboja, tangi umelifungua ukaliona tupu?"

"Sikulifungua."

"Sasa umempigia nini?"

Akazunguka mpaka ubavuni mwa gari, akainama kwenye tangi. Akasema, "Njooni wote. Tazameni."

Wakaja. Wakauona mpira mwekundu, umekazwa. Wakaiona nta. Bibi akaomba kisu, akakata mpira, akabandua nta, akashika kifuniko, akakizungusha.

Fyuuuuuuu!

Tangi lilivuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini. Bibi akavunja kijiti, akakitumbukiza ndani, akakitoa. Kimelowa karibu chote.

"Petroli tele," akasema. "Haikuibwa. Petroli ikitoka tangini, hewa huingia kushika nafasi yake, na mlango wake ni kitundu hiki. Kimezibwa. Hata kibuyu ukikiziba hewa hakimimini. Gari hili limekuja mpaka hapa likinyongwa." Akanyanyua ule mpira mwekundu. "Nani kafunga hapa?"

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hadithi inaponiuma. Kofi ni hasira, na hasira ni shetani, mtu huweza kusamehewa. Lakini Semboja alisikia swali. Alilielewa swali. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, fupi, maneno mawili tu. Akalimeza. Akatazama viatu vyake.

"Nani kafunga?" Bibi akauliza tena.

Watu wakaanza kumtazama Mkude. Si yeye aliyesema "nimelifunga"? Si kila mtu alisikia?

Kihiyo akasema, "Mtani, kulala njiani ni utani. Kumnyima mama yangu kaburi lake, huo nao ni utani?"

"Sikufunga mimi," akasema Mkude. Shavu lilikuwa limevimba. Hakumtazama Kihiyo, alimtazama Semboja. Akangoja. Semboja akaendelea kutazama viatu.

Bibi Chausiku akakifumbata kifuniko mkononi, akaketi juu ya jiwe kando ya njia, ule mpira kauweka hapo jiweni.

"Mimi nangoja," akasema. "Jua litembee litakavyo."

Kumbe Bibi alishajua? Aliishi na dereva, huyo, angekosaje kujua nani huziba tangi lake mwenyewe! Lakini alitaka lisemwe na mwenyewe.

Mwantumu naye akateremka. Akauchukua ule mpira, akaugeuza. Mpira mwekundu! Alikuwa ameutafuta nyumba nzima afungie mzigo wa kuni, na mumewe akamwambia hajauona. Akamtazama mumewe mara moja tu. Kisha akaurudisha kwenye jiwe, akajifunika kanga usoni, akarudi kukaa kichwani mwa mama yake.

Semboja aliona. Masikio yakamwaka moto. Alitamani yeye ndiye awe kule nyuma, amefunikwa.

Kihiyo alikuwa ameshaokota fimbo, anamwendea Mkude. Bibi Chausiku akasema, bila kuinua sauti, "Semboja. Muungwana akivuliwa nguo huchutama."

Ndipo Semboja akasema, "Ni mimi."

"Sema wasikie."

"Ni mimi! Mimi nimeziba. Niliziba kwa siri, nikidhani mnaniibia. Mkude hakugusa kitu."

Fimbo ikamponyoka Kihiyo. Na yeye akaona haya, akamwomba Mkude radhi palepale. Semboja alitaka kupiga magoti, Bibi akamzuia.

"Baadaye. Sasa hivi kuna mtu anangojwa. Rudisha mpira wa kabureta, rudisha plagi. Kifuniko kiegeshe tu."

Akapiga stata. Nyeke-nyeke-nyeke-nyeke...

Linazunguka?

Linazunguka!

Linawaka?

Vuuuuum!

Haya, mmeitika vibaya, mmesema haliwaki! Limewaka, jamani. Likateremka ng'ambo ya mlima, jua lingali juu ya miti.

Na watu wa bondeni? Mkude aliinama akaokota jembe lake. Wenzake wakaokota yao. Walikuja, walibeba, walifukia, walisawazisha udongo kwa adabu. Mtani hamwachi maiti. Lakini hakuna aliyemwambia marehemu aamke. Hakuna aliyemdai chochote. Ulikuwa msiba wa watu wa mlimani bila neno hata moja la utani, na wazee wa kule walinong'onezana, "Hawa wamefanyiana nini?"

Arobaini ilipopita, Semboja akamchukua mbuzi, kama desturi inavyotaka, akaenda nyumbani kwa Mkude pamoja na Bibi Chausiku. Safari hii alipiga magoti. Akasema yote, kofi na kunyamaza. Mkude akampokea mbuzi. Akamwinua, akampa mkono.

"Nimekusamehe, Bwana Semboja," akasema. "Karibu chakula."

Bwana Semboja. Mnasikia? Tangu utoto alimwita popo, alimwita mchawi, alimwita mume wa kuazima. Leo Bwana.

Njiani Semboja akamwuliza Bibi Chausiku, "Bibi, kanisamehe?"

"Kakusamehe."

"Mbona hanitukani?"

Bibi akajibu, "Kofi lako amelisahau, mjukuu wangu. Angelisahau hata lingekuwa mawili. Ila alisimama pale akakutazama, nawe ukaona afadhali apigwe yeye. Hilo mimi sijui linatengenezwaje. Ningejua, ningekwambia."

Bibi Chausiku akazeeka, akafariki, na watu wa bondeni wakamsema njia nzima ya makaburini kwa matusi ya utani, ikawa raha. Semboja akawa anabeba watu kwa gari lake bila kumshuku mtu. Akatoa mzaha kwa Mkude, mara nyingi, mzaha mzuri tu. Mkude alitabasamu kwa heshima. Na kila asubuhi, wakikutana kisimani, Mkude alimpisha achote kwanza, akasema, "Habari za asubuhi, Bwana Semboja." Semboja akaitika, "Njema." Akachota maji yake, akaenda nyumbani.

Basi, enyi watoto wa watu, mkikwama msikimbilie kumlaumu jirani, jiulizeni kwanza nyinyi mmeziba nini. Na mkishajua ni nyinyi, semeni upesi, mwenzenu angali anawatazama.

Hadithi yangu imefika mwisho wa njia, nami nateremka hapa.