Zimwi Lililosema "Tuombe"

Kaeni niwasimulie, ila leo nasema kabisa: msifumbe macho.

Palikuwa na zimwi lenye kinywa cha pili kisogoni. Likavaa joho, likaingia kanisa la kilimani, likajiita nabii. Likafundisha hivi: "Mwenye imani hafumbui macho katika maombi. Anayechungulia ana pepo."

Jumapili ya kwanza likasema, "Tuombe." Watu mia wakafumba macho. Zimwi likawageuzia kisogo, likameza mmoja.

"Ametwaliwa mbinguni!" likatangaza. Watu wakashangilia.

Jumapili ya pili likameza kumi. Wakashangilia zaidi, na kila mmoja akaomba atwaliwe yeye.

Jumapili ya tatu, Bibi Nakijwa, mfua vitambaa vya madhabahu, akafumbua macho. Akaona mguu wa jirani yake ukizama kisogoni mwa nabii. Akapiga yowe: "Ni zimwi! Kitabu kinatuagiza tuwapime manabii, ninyi mnawafumbia macho?"

Kirumbe, mzee wa kanisa, akamuuliza, "Bibi, umeonaje?"

"Kwa macho yangu haya."

"Kumbe ulifumbua!"

Wakamtoa nje kwa kumburura, wakafunga mlango kwa ndani, wakapiga magoti.

Kila Jumapili Nakijwa aligonga mlango ule, na kila Jumapili Amina zikazidi kupungua. Siku moja zimwi likasema, "Tuombe," na hakuna aliyeitikia. Likafungua mlango, likapangusa vinywa vyote viwili, likamuuliza bibi kwa upole njia ya kwenda kijiji cha pili.

Hadithi yangu imekomea mlangoni hapo. Na wewe uliyefumba macho, nilikuambia nini mwanzoni?