Ugoro wa Sendeka

Wahenga hawakusema kuwa shari ikiwa ndogo huwa tamu. Walituonya tu kwamba asiyekubali kuumia kidogo huweza kuangamia kabisa. Hayo yalimfika Lukasi, mkulima wa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Kidete, mwaka wa pili baada ya watu kuhamia huko.

Asubuhi moja aliwakuta ng'ombe wa Sendeka, mfugaji wa upande wa pili wa korongo, wamejilaza katikati ya shamba lake la mahindi, wameshiba ndi. Palibaki mabua matupu. Chakula cha watoto wake kilikuwa matumboni mwa ng'ombe. Majirani waliwazingira wanyama wale, mapanga mikononi.

"Toa neno tu, shemeji," alisema Mathayo, ndugu wa mkewe. "Leo tutakula nyama mpaka tuvimbiwe!"

Kabla Lukasi hajajibu, Sendeka alitokea korongoni peke yake, hana hata fimbo. Hakuna kijana aliyempa shikamoo. Mkononi alishika kipembe cha ugoro wa tumbaku mwitu, ile inayojiotea kwenye mchanga mkavu wa makorongo. Maji yake wafugaji huwaogeshea ndama wenye kupe. Jani lake hutuliza jino. Lakini unga wake, ukisagwa na magadi, ulikuwa na kazi nzito zaidi: aliyenusa ugoro wa mgomvi wake hakuinua tena mkono juu yake, wala watu wa mgomvi huyo hawakumgusa.

"Ng'ombe wangu wamekosa, nami nimekosa," alisema Sendeka. "Chagua wawili wanaokamuliwa, watoto wapate maziwa. Mahindi siwezi kuyarudisha. Nusa, ndugu yangu."

Mathayo aliangua kicheko. "Shamba zima kwa chafya? Shemeji, umekuwa mtoto wa kubembelezwa kwa pipi?"

Lukasi alipima moyoni. Akikubali, watamwita mwoga. Akikataa, mapanga yataanza kwa ng'ombe, na nani ajuaye yataishia kwa nani? Aliyatazama mabua, akautazama mkono wa Sendeka. Ulikuwa bado umemnyooshea kipembe.

Alimimina ugoro kiganjani, akavuta. Ulichoma kama pilipili. Alipiga chafya, machozi yakamtiririka, na mwenyewe hakujua kama yalikuwa ya ugoro au ya mahindi.

Sendeka alikitwaa kipembe, akageuka, akakiinua juu ya kichwa chake. Hapo vijana wake wakaanza kuinuka kutoka korongoni, mmoja baada ya mwingine, mikuki mikononi, Saruni mwanawe akiwa mbele. Waliishusha mikuki kimyakimya, wakaja kuwaondoa ng'ombe, isipokuwa wawili wa maziwa. Panga la Mathayo lilimponyoka.

"Niliwasihi wanisubiri," Sendeka alisema kwa sauti ya chini. "Ungekataa, nisingeweza kuwazuia."

Lukasi alijifuta machozi. Aliwatazama majirani zake, kisha wale vijana, wote wazima, wote wakipumua. Njaa ilikuwa inamngoja nyumbani, lakini hapakuwa na wa kuzikwa. Ama kweli, heri nusu shari kuliko shari kamili.