Kiti cha Ngozi na Vitambaa Vyake

Mama mmoja, ndugu zangu, aliachiwa kiti na mama mkwe wake. Si cha plastiki kama hivyo mlivyokalia. Kiti cha ngozi, cha miaka ile ya uhuru, miguu myembamba ya mninga, mikono mipana. Marehemu baba mkwe alikikalia kila jioni. Mkono wa kulia ulivikwa kitambaa cheupe alichofuma mama mkwe mwenyewe, na mkamwana, kwa heshima, hakuwahi kukifunua.

Siku moja akinyoosha nguo, akaegesha pasi ya moto kwenye mkono wa kushoto, dakika moja tu. Mnaijua hiyo dakika. Ngozi ikaungua, tundu kama yai.

Akafanya nini? Kile tunachofanya majumbani kwetu. Akatafuta kitambaa. Kisha akaogopa mgeni atakisogeza, akakishonea. Kisha akaogopa mgeni atakaa. "Hicho ni cha kumbukumbu," akawa anasema, "karibuni hapa kwenye kochi." Miaka tisa kiti hakikukaliwa, hata na yeye.

Ndipo mama mkwe akapiga simu: Jumamosi nakuja, nataka kukikalia kiti cha mzee.

Akakikimbiza kwa fundi makochi. "Fundi, kitengeneze, ila kitambaa usikifunue."

"Mama, nimeombwa mengi," fundi akasema. "Nitashonaje ngozi nisiyoiona?"

Akakata nyuzi za kushoto. Kisha, bila kuomba ruhusa, akafunua na kulia. "Uliniambia tundu moja. Mbona yako mawili?"

Mama akainama akatazama. La kulia hakulijua kabisa, lakini nani angemwamini?

Jumamosi kiti kikawa kimerudi, bila vitambaa, kinang'aa kama shavu lililopakwa mafuta. Mama mkwe akakaa. Vidole vyake vikaenda moja kwa moja mkono wa kulia, vikapapasa.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

Angeweza kudanganya kwamba kiko kwenye maji. Kazi ya fundi ilikuwa safi. Lakini alikuwa amechoka. "Mama, mkono wa kushoto niliuunguza mimi, kwa pasi. Miaka tisa nakuficha. Wa kulia sijui, Mungu ananiona."

Bibi yule akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Wa kulia ni wangu. Kaa la pasi liliniangukia, mwaka nilioolewa. Ulidhani nilifuma yale maua kwa kupenda maua?"

"Na baba hakujua?"

"Alinieleza alipougua. Akasema, 'Unadhani kwa nini kikombe changu nilikiweka hapohapo kila jioni? Nilikuwa nakishikilia kitambaa chako kisipeperuke.'" Akainuka. "Haya, mwanangu, kaa na wewe. Miaka tisa umesimama."

Akakaa. Akashusha pumzi hadi mabega yakalegea.

Sasa sisi. Je, hatuji hapa tukiomba, Bwana nitengeneze, ila usinifunue? Na huyo tunayemficha aliliona tundu siku ya kwanza. Tangu hapo ameweka kikombe chake juu yake, tusiaibike. Basi fundi yupo. Kata uzi, ndugu yangu, ukae.