Kadi Moja ya Mama Melki

Sogeeni. Anayetafuna amalize kwanza, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa karanga.

Palikuwa na mama wa parokia moja ya milimani, Koleta, aliyeitwa Mama Melki kwa jina la mwanawe wa pekee. Kipaji chake kilikuwa miguu. Kila Septemba waumini walipokwenda kuhiji Kilima cha Msalaba, mwendo wa siku sita, yeye alikuwa mbele akiongoza rozari. Waliopanda basi aliwaambia wazi kwamba wao wanakwenda kutalii. Kisha Melkiori akaenda machimboni, ikapita miaka mitatu bila salamu wala simu. Mama akaweka nadhiri: atakwenda kilimani kwa miguu, jina la mwanawe liandikwe katika kitabu cha masista, aombewe kila siku mwaka mzima.

Mwezi wa Juni kiharusi kikampiga. Upande wote wa kulia ukafa.

Paroko alimweleza taratibu kwamba Kanisa linaweza kumfungulia nadhiri hiyo. Hakutaka kusikia. Alilia mpaka wanajumuiya wenzake wakawa wanaona aibu kumtembelea. Ndipo watatu wakasema watampeleka, wakimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Odilo alikuwa seremala, kipaji chake mgongo. Mkewe alikuwa ameharibikiwa mimba nne. Sperata alikuwa muuza mboga, kipaji chake kuijua njia. Kaka yake alikuwa mahabusu mwaka wa pili, kesi haisikilizwi. Fulgensi alikuwa katekista, kipaji chake maneno. Huyu hakuna aliyejua anahitaji nini.

Siku ya pili kiti cha magurudumu kikanasa kwenye mawe, gurudumu likapinda lisinyooke tena. Odilo akaomba kanga, akamfunga Mama Melki mgongoni kama anavyofungwa mtoto, akambeba siku ile na zote zilizobaki. Mabega yalichubuka hadi shati likaganda. Mama, aliyekuwa akiwacheka watu wa basi, sasa alikuwa anasikiliza mwanamume wa watu akihema kwa ajili yake, na hana la kumsaidia. Bila Odilo safari ingeishia kwenye mawe yale.

Siku ya tatu bomba walilolitegemea kwenye kigango, kanisa dogo la njiani, lilikuwa kavu. Sperata akawatoa njiani, akawashusha kwenye mto uliokauka, akachagua mahali, akachimba mchanga kwa sufuria na kwa kucha mpaka maji yakachuruzika. Wa kwanza kunyweshwa alikuwa Mama Melki, kwa kijiko, maana kwa kikombe maji yalimtoka pembeni mwa mdomo. Bila Sperata wangekufa kiu wote, na mgongo wa Odilo ungefaa nini?

Siku ya tano Mama mwenyewe ndiye aliyeharibu. Asubuhi, kabla hajafungwa kanga, alishika kichaka kwa mkono wake mzima na kusema wamwache hapohapo, amechoka kuwa mzigo. Odilo akasema hambebi mtu asiyetaka. Sperata alimbembeleza mpaka akachoka. Fulgensi akaketi vumbini, wote wakijua yanakuja mahubiri.

“Mama Melki,” akasema, “nimefundisha dini miaka ishirini. Tangu Pasaka nikisali sisikii kitu. Nimekuja kwa sababu nilikuona wewe unalilia kwenda. Ukirudi nyumbani, mimi sina tena wa kumfuata.”

Mama akaachia kichaka.

Siku ya sita walifika, Misa inakaribia kuanza, wakaenda moja kwa moja kwa Sista wa kitabu. Hapo ndipo ilipojulikana alichokifanya katibu wa jumuiya. Kwa nia njema kabisa, maskini, alikuwa amewaandika wote wanne kwenye kadi moja ya hija: nadhiri ni moja, basi na kadi iwe moja. Na kadi moja huandikiwa jina moja.

Mama akaomba yaandikwe manne. Sista akamwonyesha foleni nyuma yake, akamwambia kila aliyesimama pale ana majina manne.

Wale watatu wakasema aandike Melkiori, ndiye aliyewaleta. Lakini Odilo alilisema hilo akitazama viatu vyake. Sperata alikuwa amegeukia pembeni. Fulgensi alilisema kwa sauti yake ya kufundishia, ile ambayo Mama sasa alijua kwamba ndani haina kitu.

Kalamu ikawekwa katika mkono wake wa kushoto. Tangu aweke nadhiri alikuwa akijiona akiliandika jina la mwanawe mahali pale. Na katika njia yote hakuna hatua hata moja iliyokuwa yake. Akiandika Melkiori, amewanyima waliomfikisha. Akiandika la mmoja wao, wale wawili amewapima kwa mizani gani, na mwanawe atamwambia nini siku akirudi? Na asiporudi? Alimwomba Mungu amwambie. Alingoja. Hakuambiwa.

Kengele ikalia.

“Mama,” Sista akasema, “nafunga kitabu.”

Ncha ya kalamu ikagusa karatasi. Ikabaki nukta tu.

Nami nimemwacha hapo, maana nimeshindwa. Msiniambie aandike wote, Sista amekwisha kukataa. Msiniambie aache pawe wazi, mmeona bega la Odilo. Kuna Melkiori, kuna mke wa Odilo, kuna kaka yake Sperata, na kuna Fulgensi mwenyewe. Haya, wewe uliyenyamaza tangu mwanzo, ishike hiyo kalamu. Unaandika jina la nani?