Unyayo wa Konokono

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale Simba aliitawala chemchemi. Anakunywa yeye kwanza, wengine wanaramba tope. Wanyama wakachoka. Wakamfukuza, tifu tifu tifu, hadi ng'ambo ya mlima. Wakasema, sasa nchi ni yetu, tuiandikie sheria.

Ngiri akachimba udongo, akauloweka, akautandaza. Sheria itaandikwa humo, na kila raia atakanyaga, alama yake ikae. Asiye na alama ataondoka chemchemini.

Bi Konokono akasikia habari hiyo. Mayai yake yalikuwa pale pale chemchemini, chini ya jiwe penye unyevu. Kwingine kote jua linachoma. Akashika njia kwenda barazani. Polepole, polepole. Twende naye.

Alipofika, ugomvi ulikuwa na siku tatu. Kima alikuwa amesoma kwa kuchungulia dirisha la shule. Alitaka sheria ianze hivi: Akili imetuonyesha kuwa sote ni sawa. Njiwa alikuwa amelelewa kwenye paa la kanisa, nyimbo zote za ibada anazijua. Alitaka ianze hivi: Baba wa mbinguni ametuumba sote sawa. Kima akasema nyimbo hazikumng'oa Simba. Njiwa akasema hata hiyo akili, Kima hakujipa mwenyewe. Ubishi juu ya ubishi. Udongo unakauka, Ngiri anamwagia maji.

Konokono akatega pembe, moja huku, moja kule. Ya Kima yakampendeza. Ya Njiwa nayo yakampendeza. Akajiuliza, sheria hii ina vichwa viwili, mkia wake je? Akamwuliza Ngiri.

Ngiri akamwambia mkia haukuleta maneno, waliuandika siku ile ile ya kwanza: Sote wenye nyayo.

"Na wewe, shangazi, unatembelea tumbo," akasema. Wakacheka, kwe kwe kwe.

Konokono hakulia. Alitaka kujua.

"Bwana Kima, hiyo akili huhesabu miguu?"

Kima akajikuna.

"Bi Njiwa, Baba aliponiumba, miguu yangu aliisahau?"

"Hasahau kitu," Njiwa akasema, macho chini.

"Basi hilo neno nyayo liliandikwa na nani?"

Kima na Njiwa wakatazamana.

"Tuliandika sisi," Kima akasema. "Sote wawili. Hapo hatukubishana."

Konokono akawauliza tena. Mwenzenu akipotea, mnafuata nini? Wakajibu, nyayo zake.

"Na miguu je? Si kaondoka nayo?"

Ngiri akatazama alama za kwato zake, alizokwisha kukanyaga udongoni.

"Basi unyayo ni alama ya aliyepita," Konokono akasema. "Nipisheni nipite."

Akaupanda udongo. Chwee. Chwee. Akapita kichwani palipoachwa wazi, akapita katikati, akashukia mkiani. Wakangoja, wala hakuna aliyemharakisha. Jua likaupiga ute wake, ukang'aa. Alama za wengine zilikuwa vishimo, kimoja hapa, kimoja pale. Yake ilikuwa mstari mmoja, mwanzo hadi mwisho wa sheria.

Kima akanyoosha ukucha, akafuta mkia wa sheria. Njiwa akamtajia maneno, naye akaandika: Sote tupitao hapa. Vichwa wakaviandika vyote viwili, na hadi leo wanabishana kipi kitangulie. Konokono akarudi kwenye jiwe lake. Mayai yalikuwa bado na unyevu. Na tangu siku hiyo, kila apitapo huacha mstari, asije mtu akasema hakupita.

Basi, wajukuu, nanyi wakubwa mnaojifanya mmelala: mkibishana haki imetoka wapi, ulizeni pia imefika kwa nani.

Hadithi yangu imeishia hapo, ulipoishia ute wa Konokono.