Mzinga Usio na Alama

Hapo zamani, siku nyuki walipogawanywa, walikuwepo Mama Kalunde mwenye nyuki, mzee Sizya jirani yake, na Nyanzala, mama kijana wa nyumba ya pili, na mwanawe mgongoni akikohoa.

Nyuki wa Kalunde walikuwa wamejaa hadi wananing'inia mlangoni mwa mzinga. Wangehama. Basi watatu hao wakatengeneza mzinga mpya wa mbao, Kalunde akahamishia humo nusu ya masega, kila sega pamoja na kijiti lilichoning'inia. Kijijini kwao mzinga ulichomwa alama ya mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekula asali yake miaka yote. Na haukuchomwa mpaka nyuki wapate malkia.

Sizya akatega sikio kwenye mzinga mpya.

"Kalunde, hawa wanalia. Umewapa nyumba, hukuwapa mama. Wala mayai ya kumlea mama mwingine."

"Mzee, udaktari wa nyuki umeuanza lini?"

"Fungua uone."

Akafungua. Majana, watoto wa nyuki, yote yalikuwa makubwa, yameshazibwa ndani ya vyumba vyao. Yai, hakuna. Na kama mzinga wa zamani ungefunguliwa tena siku ile, nyuki wake nao wangeondoka.

Sizya akaenda kwake. Alikuwa na mzinga mmoja tu. Akatoa humo sega lenye mayai, akalileta amelifunika kwa kanga ya mkewe. Nyuki wa mzinga mpya wakalipokea. Lakini nyuki wake mwenyewe walichukia kuvurugwa. Kesho yake wakahama wote.

Kisha wakaja siafu. Nyanzala akaisimamisha miguu ya kichanja cha mzinga ndani ya makopo ya maji, akawa anayajaza kila asubuhi. Alipoona nyuki wameishiwa chakula, akachukua asali aliyoiweka kwa ajili ya kikohozi cha mwanawe, akaichanganya na maji, akawawekea.

"Na mtoto?" Kalunde akamuuliza.

"Mtoto ana mimi. Hawa hawana mtu."

Malkia akazaliwa, akaanza kutaga. Chuma cha kuchomea alama kikawekwa motoni.

Kalunde akasema, "Nyuki walikuwa wangu. Nimebaki na nusu."

Sizya akasema, "Malkia ametoka kwenye yai langu. Na mimi hiyo nusu sina."

Nyanzala alikuwa anamfuta mtoto pua.

"Sema nawe, mwanangu," Kalunde akamwambia.

"Mimi sikuwa na nyuki wa kutoa. Lakini bila mimi, leo mngekuwa mnagombania mzinga wa siafu."

Sizya akacheka, akasema ni kweli. Kalunde naye akasema ni kweli. Kisha wakakitazama chuma kinavyopoa.

Je, wewe uliyesikia, nani alistahili? Ungeuchoma alama ya nani?

Asali ya kwanza iliporinwa na kuliwa, mzinga ule ulikuwa bado hauna alama, na mtoto alikuwa ameacha kukohoa.